Nani Alisahau Injini

Raili Kantola alitengeneza mashua karibu miaka thelathini bila kusafiri na hata moja. Msishangae. Kiwanda kilikuwa bara, katikati ya mashamba ya viazi, na mashua zilitoka pale zimepakiwa kwenye malori, zimefungwa turubai, zikaenda zao. Kazi yake ilikuwa kulaza vitambaa vya faiba ndani ya kalibu, kuvimwagia gundi, halafu kuvipitishia rola mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Jioni nywele zilinuka gundi na mikono ilimwasha hata baada ya sauna, kile chumba cha mvuke tunachoogea huku kwetu.

"Hivi hili jitu letu linaelea kweli?" mmoja wa wanawake wa zamu yake alizoea kuuliza.

"Mpaka leo hakuna aliyerudi kulalamika," mwingine anamjibu.

"Aliyezama atarudije, wewe?"

Wanacheka, wanaendelea na rola.

Kiwanda kile kilitengeneza mashua za aina moja tu. Zina matanga, lakini zina injini kubwa tumboni, na kibanda cha usukani kilichofunikwa, chenye madirisha pande zote na jiko la mafuta la kupasha joto. Mtu anashika usukani amevaa soksi, mvua inapiga kioo, na buli la kahawa liko karibu na kiwiko chake. Watu wa mashua za mashindano wanaziita sauna zenye matanga. Waache waite. Katika bahari yetu, ambako hata mwezi wa saba upepo unaweza kukung'ata masikio, mtu anayetaka kwenda mbali na kukaa huko muda mrefu hatafuti mbio. Anatafuta pakavu pa kulala, tangi kubwa la mafuta na sufuria ya supu inayotulia jikoni.

Mume wake, Oiva, alikuwa fundi wa injini za boti za marubani wa meli huku pwani. Walikutana kwenye dansi la tango, kila mmoja amekuja na basi la kijiji chake, na nadhani maneno waliyoambiana usiku ule wote yangetosha kuandikwa kwenye kiganja. Yalitosha kuoana. Raili akahamia pwani, akawa anasafiri kila siku kwenda kiwandani na kurudi, na katika safari hizo za basi ndipo wazo lilipomwingia: siku moja atakaa ndani ya mashua kama zile anazozitengeneza, ashuke nayo mpaka Ujerumani, apite mito na mifereji ya huko, atokee kwenye bahari ya joto upande wa pili.

Alimwambia Oiva. Oiva akafikiri siku kadhaa, kisha akasema, "Injini itahitaji chujio la pili la mafuta." Raili akajua amekubali.

Waliponunua Telkkä, Raili alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Telkkä ni jina la bata mmoja wa huku, mwenye jicho la njano, na mashua ilikuja na jina hilo. Ilikuwa mtumba, iliyotoka kiwanda kile kile cha Raili. Mwenyewe, daktari wa meno wa Helsinki, alikuwa ameichoka. Ndani ilinuka tumbaku ya kiko, mbao za chumbani zilikuwa nyeusi kwa unyevu, matanga yameliwa na jua. Lakini tumbo lake lilikuwa zima. Raili alilala chali chini yake, akaligongagonga kwa mpini wa bisibisi toka mbele mpaka nyuma, anasikiliza. Alipotoka alikuwa na vumbi usoni na anatabasamu.

"Ni ya miaka yetu," alisema. "Wanawake wa zamu tulikuwa wanne. Huenda nimeishika."

Waliikarabati taratibu. Kila mwaka safari ilikuwa mwakani. Mwaka huu pampu, mwaka ule mama yake Oiva kaugua, mwaka mwingine mjukuu kazaliwa. Hatimaye ukafika mwaka ambao hapakuwa na sababu. Wataondoka baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi. Raili aligawa maua yake ya ndani kwa majirani, na hapo ndipo sisi wote tulipoamini.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Oiva na injini zetu, kwa sababu jambo lenyewe limo humo.

Kila Oktoba, kabla bahari haijaganda, klabu yetu ya mashua ina siku ya msaragambo. Kila mtu anakuja. Hakuna anayeuliza nani hayupo, ila wote wanajua. Kreni inatoa mashua majini, moja baada ya nyingine, zinasimamishwa nchi kavu juu ya magogo na kufunikwa turubai mpaka Mei. Na kila mtu ana kazi yake. Aulis, mwenyekiti wetu, anaongoza kreni kwa mikono, bila kupiga kelele. Terttu, mjane anayeishi katika mashua yake kiangazi chote, anapika supu ya njegere. Oiva alikuwa analaza injini.

Kulaza injini ni hivi. Injini ya mashua hupozwa kwa maji ya bahari, na maji yakibaki ndani wakati wa baridi yataganda, yatavimba, yatapasua chuma. Kwa hiyo unaichomekea mpira kutoka kwenye ndoo ya dawa ya kuzuia kuganda, ile ya kijani, unaiwasha, inainywa, unasubiri mpaka bomba la moshi liteme kijani kwenye majani. Ndipo unaizima. Oiva alipita mashua moja baada ya nyingine na ndoo yake, na akimaliza anaipiga injini kofi dogo kichwani na kuiambia, "Lala." Sisi tulimpa funguo tukaenda kula supu. Hakuna aliyewahi kukagua. Kumkagua Oiva kungekuwa kama kumuuliza kasisi kama anaijua sala. Na ndoo ile hakumwachia mtu. Aulis aliwahi kutaka kumsaidia kuibeba, akaambiwa, "Wewe una kreni yako."

Baridi iliyotangulia safari yao ilikuwa kali. Bahari iliganda mpaka visiwani, magari yakapita juu yake.

Ndani ya nyumba ya Raili kulikuwa na mambo mengine. Oiva alitia buli jikoni bila kahawa ndani yake. Alimuuliza Raili kama Veikko, kaka yake mwenyewe Oiva, atakuja Krismasi, na Veikko tulimzika zamani. Siku moja alitoka dukani akaenda upande wa kanisani badala ya nyumbani, dereva wa gari la kuondoa theluji akamrudisha. Dereva akaligeuza gari lake, Raili akafunga mlango. Huku kwetu jambo la mtu haliguswi mpaka mwenyewe aliguse, na Oiva alikuwa na neno lake moja la kujibu kila kitu: "Namudu."

Raili akajiambia ni uchovu wa giza. Wakitoka baharini, jua likiwapiga, kichwa chake kitatulia. Alilitaka hilo liwe kweli kiasi kwamba alianza kununua makopo ya samaki na mikate mikavu ya shayiri, akayapanga kwenye korido.

Siku moja kabla ya kushusha mashua majini, asubuhi yenye jua, wote tulikuwa uwanjani tunapaka rangi na kusugua. Raili alikuwa ndani ya Telkkä, anatafuta nafasi ya makopo yake. Akafungua mfuniko wa chumba cha injini. Chujio la maji ya bahari, lile kopo la shaba nene ambalo maji hupitia yakiingia, lilikuwa na ufa mrefu kama kidole cha kati. Akaingiza mkono. Akaunusa. Dawa ile ina utamu fulani puani. Hapakuwa na utamu, palikuwa na kutu tu. Akapapasa pampu. Nayo kifuniko kilikuwa kimeinuka kama kifuniko cha chungu kinachochemka.

 Halafu akatoa kichwa nje. Oiva alikuwa juu ya ngazi, anasugua mlango wa kibanda kwa msasa.

"Oiva, ulitia dawa mwaka huu?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu."

"Nalaza injini za bandari hii tangu wewe hujui mbele na nyuma ya mashua. Nilizilaza. Zote, mama."

"Na yetu?"

"Yetu ndiyo ya kwanza. Siku zote ya kwanza."

Akaendelea kusugua ule mlango. Alikuwa ameumaliza tangu saa moja asubuhi.

Raili akashuka, akaenda kwenye banda la vifaa. Madumu mawili ya dawa yalikuwa pale pale yalipowekwa vuli. Moja halijafunguliwa. La pili lilikuwa limepungua kidogo, kiasi cha mashua mbili, labda tatu. Hapo ndipo ilipomjia picha ambayo alikuwa ameifukuza kichwani majira yote ya baridi: siku ya msaragambo alipompelekea Oiva kahawa, alimkuta amekaa ndani ya Telkkä, ndoo imejaa kijani katikati ya miguu yake, anatazama visiwa. "Umemaliza?" alimuuliza. "Nimemaliza," akajibu. Na ndoo imejaa.

Alisimama bandani akiwa ameshika ukingo wa dumu. Nje tulikuwa tunasikika tukicheka. Kesho kreni ingekuja, mashua zote zingeingia majini, koki za kuingiza maji ya bahari zingefunguliwa, na katika zile ambazo Oiva hakuzifikia maji yangeingia polepole, bila sauti, wenyewe wakiwa sauna. Akisema, basi leo hii bandari nzima itajua akili ya Oiva inaondoka. Asiposema, itajua kesho, na huenda mtu akawa amelipia kwa uhai wake.

Akatoka, akamkuta Terttu ameinama anapaka rangi nyekundu chini ya mashua yake, kitambaa kichwani.

"Terttu, kesho utalala ndani?"

"Nitalala wapi kwingine? Kitanda cha nyumbani kimenichoka, nami nimekichoka."

"Usiku wa kwanza kuna baridi."

"Nina jiko, nina mablanketi, nina chupa ndogo ya daktari. Wewe una nini leo? Umekuwa mweupe kama samaki."

"Sijala."

"Kale. Mtu anayekwenda mpaka bahari ya joto asianguke hapa kwenye matope ya Aulis."

Alasiri tulikusanyika katika nyumba ya klabu kunywa kahawa na kusikiliza zamu za kreni. Palikuwa na mikate mitamu ya iliki, bado ya moto. Oiva alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia magotini. Aulis akasimama.

"Kesho Telkkä ndiyo ya kwanza," alisema, "maana ndiyo inayokwenda mbali. Sisi wengine tunakwenda mpaka kisiwa kile na kurudi kula."

"Sauna yenye matanga katika mito ya Ujerumani!" mtu wa mashua za mashindano akasema. "Mungu awasaidie Wajerumani."

"Watatusikia kabla hawajatuona," Oiva akajibu, na watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli injini ya Telkkä ina sauti ya trekta. Alicheka naye. Wakati ule alikuwa Oiva yule yule wa siku zote, na nadhani hilo ndilo lililomfanya Raili asimame haraka, kabla moyo haujamgeuka.

"Kabla ya kesho," alisema, "kila mtu akague injini yake. Chujio na pampu. Kwa mkono, siyo kwa macho."

Aulis akaiweka karatasi yake ya zamu mezani.

"Kuna nini?" Aulis akauliza. "Si Oiva alizilaza?"

Oiva akainua kichwa. Raili hakumtazama. Alitazama sahani ya mikate.

"Mgongo ulimuuma siku ile. Aliniachia mimi kazi. Nikafanya chache, nikaenda kumsaidia Terttu na supu, halafu nikasahau kurudi. Leo nimeona chujio letu limepasuka."

"Wewe?" mtu akasema nyuma.

"Mimi."

 Terttu, ambaye siku ile ya supu hakusaidiwa na mtu yeyote, alikuwa ameshika kikombe mbele ya midomo yake na hakukishusha. Aulis alimtazama Raili, akamtazama Oiva, kisha akatazama kahawa yake muda mrefu. Sote tulijua ndoo ile haikuwahi kushikwa na mkono mwingine. Sote. Na hakuna aliyesema.

"Haya basi," Aulis akasema, akainuka.

Tukatoka. Vikombe viliachwa vimejaa, jambo ambalo sijaliona tena katika klabu ile. Turubai zikafunuliwa, vifuniko vikafunguliwa, na punde sauti zikaanza kutoka matumboni mwa mashua.

"Yangu nzima!"

"Pampu yangu imekwisha. Shetani!"

"Huku pia. Njoo uone, imefunguka kama ua."

Terttu alikuja ameshika vipande viwili vya chujio lake, kimoja kila mkono. Akamwonyesha Raili.

"Ningelala juu ya hii," alisema.

"Najua."

"Ahsante kwa kusahau kwako." Akamgusa kiwiko kwa ukingo wa kipande kile, akaondoka. Kwa Terttu huko ni kumkumbatia mtu na kulia.

Lakini Oiva alikuwa anakuja, kofia mkononi, anatembea haraka kama siku alipokuwa na miaka arobaini. Alisimama chini ya ngazi ya Telkkä, mbele ya watu.

"Mgongo," alisema. "Mgongo wangu uliuma?"

"Uliuma, Oiva."

Alifikiri. Niliuona uso wake, na sitausahau. Alikuwa kama mtu aliyetafuta kitu mifukoni majira yote ya baridi na sasa kakabidhiwa. Mabega yakashuka. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, uliuma. Ndiyo maana siikumbuki siku ile vizuri." Kisha hasira ikampanda, hasira safi ya fundi. "Nilikuachia kazi moja, Raili. Moja!"

"Ndiyo."

"Injini za watu! Watu wameniamini tangu... Terttu analala ndani usiku wa kwanza, hujui?"

"Najua."

"Ungemzamisha!"

"Oiva, basi," Aulis akasema kwa upole. "Hakuna aliyezama. Vipuri vinapatikana mjini."

"Siyo basi! Wewe Aulis unarudi nyumbani kila jioni. Sisi tunakwenda nje. Huko nje, injini ikifa usiku mbele ya meli ya mizigo, nani atakuja? Mimi nitakuwa nimelala, zamu ni yake, na yeye..." Alimgeukia mkewe, na sauti ikashuka. Hakuwa mkali tena, alikuwa na huzuni kweli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Siwezi kwenda mbali na mtu anayesahau, mama. Nisamehe. Najua ni wewe uliyeitaka safari hii. Lakini siwezi."

Raili alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Watu walijifanya wanatafuta vifaa chini. Neno moja tu lingetosha, na kila mtu pale angelithibitisha: Aulis, Terttu, mimi. Nilimwona akifungua mdomo. Oiva alikuwa anamtazama akimngojea, macho maangavu, ana hakika na jambo kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Akaufunga.

Aulis akajikohoza. "Raili. Kesho kreni ianze na Telkkä, au vipi?"

"Anza na Terttu," alisema. "Yetu iacheni hapo juu."

"Mpaka lini?"

 Raili alipanda ngazi, akaanza kuyatoa makopo chumbani na kuyapanga tena ndani ya boksi. Samaki huku, kahawa huku. Oiva alimsubiri chini mpaka amalize, kisha akaliokota turubai kutoka kwenye majani, akalikung'uta, akapanda upande wa pili. Wakalivuta pamoja juu ya kibanda cha usukani. Mikono ya Oiva ilijua kazi hiyo vizuri kabisa. Alilinyoosha kila kona, akavuta kila kamba mpaka ikalia, akazunguka nyuma kukagua upande wa mkewe.

"Hii ya nyuma hujaikaza," alisema.

Raili akarudi, akaikaza.